Mwalimu wa Chuo na Mtoto Mzito wa Kusoma

Somo hili ni kwa ajili ya walimu wa vyuo, na khasa wale watokao pwani wakenda kusomesha bara. Kadhalika ni kwa wazee wapelekao watoto wao chuoni, na kwa watu wa kheri watoao mali zao kusaidia vyuo vya mbali. Linaeleza mas-ala moja tu: mtoto aliye mzito wa kusoma, mwalimu amfanyeje hatta asome na apende kusoma?

MAHALI PA MFANO

Mfano umechukuliwa katika nchi ya Ufipa na mji wake wa Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, Tanzania. Ufipa ni uwanda wa juu, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,800, na kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mvua zake ni msimu mmoja, tangu Novemba hatta Aprili. Na miezi ya Juni na Julai ina baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea. Wenyeji wake ni wakulima hodari wa mahindi, maharage na ulezi. Walio wengi ni Wakatoliki, kwani mapadri wa White Fathers walikishika kituo cha Karema, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1885, kisha kazi yao ikaenea juu ya uwanda. Uislamu ulifika kando ya ziwa pamoja na wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, na juu ya uwanda Waislamu wangali wachache.

Uchache huo ndio unaolifanya jambo hili kuwa kubwa. Mtoto wa Mombasa, au Unguja, au Tanga, akikimbia chuo kwa ukali wa mwalimu, hapiti mitaa miwili illa huona chuo kingine, na mjomba wake humtia huko. Lakini mtoto wa kijiji cha Ufipa akitoka chuoni, aghlabu hana chuo cha pili. Atakua, ataoa, atazaa, naye hawezi kuisoma Alhamdu sawasawa katika sala yake, wala hajui namna ya kumuosha babake siku ya kufa kwake. Na watoto wake watakuwa kama yeye. Basi mwalimu yule mmoja ndiye mlango. Akiufunga, umefungwa kwa kizazi kizima.

UZITO UNA SABABU

Walimu wengi humwita mtoto "mjinga" au "mkaidi" kabla ya kumchungua. Hayo ni kama tabibu atoaye dawa kabla ya kumgusa mgonjwa. Uzito wa kusoma si ugonjwa mmoja. Una sababu mbalimbali, na kila sababu ina dawa yake. Zilizo kubwa ni tano.

Ya kwanza ni ulimi. Herufi za koo kama 'ain na haa, na herufi ya dhaad, hazimo katika Kiswahili wala katika Kifipa. Lakini mtoto wa pwani amezisikia tangu yu mgongoni mwa mamake, katika adhana na maulidi na nyiradi. Afikapo chuoni masikio yake yamekwisha kulipokea nusu ya somo. Mtoto wa Kifipa aghlabu huzisikia mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu. Tena mwalimu humweleza kwa Kiswahili cha pwani, na nyumbani kwao husemwa Kifipa. Huyu hakuchelewa kufahamu, amechelewa kusikia. Nabii Musa, amani imshukie, alikuwa na fundo katika ulimi wake. Akamuomba Mola wake amfungulie, tena akamuomba nduguye Harun awe pamoja naye kwa kuwa alimpita kwa ufasaha. Hakunyimwa utume kwa ajili ya fundo hilo, bali alipewa msaidizi. Na imethubutu katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kwamba mwenye kuisoma Kurani kwa taabu, huku inamlemea, ana ujira mara mbili. Basi mtoto ambaye Mtume amemuahidi ujira mara mbili, mwalimu humchekaje?

Ya pili ni tumbo. Ufipa ni nchi ya nafaka, na mahindi yake hupelekwa mikoa mingine. Walakin uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa wa Rukwa walio chini ya miaka 5, kadiri ya 56 walikuwa wamedumaa, na hapakuwa na mkoa uliouzidi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta bado ni kadiri ya nusu. Wajuzi wa afya wanaeleza kwamba tumbo laweza kushiba ugali, na mwili ukakosa maziwa, mayai, samaki, mboga na matunda. Na mama ashindaye shambani hana wasaa wa kumlisha mtoto mara nyingi kwa siku. Na kudumaa si kwa kimo peke yake. Hupunguza na nguvu za akili kushika. Wale waliohisabiwa wachanga mwaka 2015–16 ndio hawa waliofikia umri wa kukaa mkekani na ubao mikononi. Mwalimu ampigaye mtoto wa namna hii kwa kusahau kwake, anampiga kwa njaa ambayo hakuichagua.

Ya tatu ni macho na masikio. Mtoto asiyeona mbali husoma kwa kukisia, na asiyesikia vema huchanganya sin na shin. Kumjua si kazi ngumu. Mwalimu amketishe mbele siku tatu, amwandikie kwa herufi kubwa, amsemeshe kwa sauti ya chini hali amempa kisogo. Akiona amebadilika, au hakusikia, ampeleke kwa babake aende naye hospitali.

Ya nne ni kazi. Tangu Novemba wazee wanapanda, kisha wanapalilia, na mtoto ni mkono mmoja wa shamba. Tena asubuhi yuko skuli ya serikali, na chuo ni cha alasiri au cha siku za mapumziko. Akikosa siku kumi kwa ajili ya palizi, kisha akarudi akapigwa kwa kukosa kwake, siku ya kumi na moja hatarudi tena.

Ya tano ni moyo. Huyu ana afya na wasaa, lakini amekata tamaa. Aliwahi kuchekwa na wenzake. Au nduguye mdogo amempita juzuu mbili. Au ameambiwa na babake mwenyewe kwamba hafai. Hii ndiyo sababu iliyo nzito kupita zote, kwani nne za kwanza zisipotibiwa mwisho wake ni hii.

USHIRIKINA NA VISINGIZIO

Jina la Sumbawanga lenyewe, kwa waelezavyo wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi". Lakini huko, kama huku pwani, wako wasemao kwamba mtoto asiyeshika somo amerogwa. Na wako watu watokao pwani na kanzu na vilemba, wakajiita walimu, kumbe biashara yao ni kuuza hirizi. Mzee huleta mtoto wake afundishwe, akarudi na karatasi iliyofungwa kwa uzi, na mtoto hajui alifu. Huo si ualimu. Dua ni haki, na mwalimu amuombee mwanafunzi wake kila siku. Lakini dua haikuwekwa mahali pa somo. Mkulima huomba mvua, na jembe analo mkononi.

FIMBO KATIKA MADHEHEBU YA SHAFI'I

Wengine hudhani kwamba fimbo ni mali ya mwalimu, kama kalamu yake. Sivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kumtia mtoto adabu kwa pigo ni rukhsa yenye masharti. Iwe kwa idhini ya baba au walii wake. Isiwe ya kujeruhi, wala usoni, wala mahali pa hatari. Iwe kwa maslaha ya mtoto, si kwa ghadhabu ya mwalimu. Na wanavyuoni wa madhehebu wamesema neno ambalo kila mwalimu yampasa alihifadhi: ikiwa pigo jepesi halitamfaa mtoto, na pigo zito halijuzu, basi yote mawili hayajuzu. Na mtoto akifa au akiharibika kiungo, dhamana iko juu ya aliyempiga, kwani rukhsa yenyewe ilifungwa na sharti ya salama. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, alitunga risala nzima juu ya adabu na hukumu za mwalimu wa watoto. Hilo latosha kuonyesha kwamba wakubwa hawakulidharau jambo hili. Na katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu iliyopita kiasi.

Sasa itazamwe: mtoto mwenye uzito wa ulimi, au wa tumbo, au wa macho, pigo jepesi litamfaa nini? Haliongezi herufi kinywani wala maziwa tumboni. Basi kwa kanuni ya madhehebu yenyewe halijuzu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, ameeleza katika Mukaddima yake kwamba mtoto aliyelelewa kwa ukali hunyong'onyea moyo, akawa mvivu, akajifunza uwongo na hila ili aepuke mkono wa mwalimu. Na Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, naye amesimulia kwamba hakusikia kwake hatta neno la kumguna.

KHABARI YA AL-QAFFAL

Yuko mtu mmoja katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i ambaye khabari yake yapasa isomwe katika kila chuo. Naye ni Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, katika nchi ya Khurasan, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makufuli, na ndiyo maana ya jina lake. Alipofika umri wa miaka 30 akataka elimu. Akenda kwa sheikh, naye akamuanzisha Mukhtasari wa al-Muzani. Siku ya kwanza akamsomesha maneno matatu tu ya mwanzo wa kitabu.

Yule fundi akapanda juu ya dari ya nyumba, akayakariri maneno yale matatu tangu isha mpaka alfajiri. Usingizi ukamchukua kidogo. Alipoamka, yote matatu yametoka. Akashikwa na haya, hajui atamwambia nini sheikh wake. Alipotoka nje, mwanamke jirani akamlalamikia kwamba usiku kucha hakuwaacha walale kwa maneno yake. Akayataja maneno yenyewe. Hivyo al-Qaffal akayapata tena kutoka kinywani mwa jirani yake! Akenda kwa sheikh akamweleza yote yaliyompata. Sheikh hakucheka, wala hakumwambia arudi kwenye makufuli yake. Alimwambia kwamba jambo hilo lisimzuie, kwani akishika kuhifadhi na kujishughulisha, litakuwa dasturi kwake. Naye akashika, hatta akawa imamu wa Mashafi'i wa Khurasan.

Na afikiri msomaji: lau sheikh yule angalicheka asubuhi ile, al-Qaffal angalifungua makufuli mpaka kufa kwake, na umma ungalikosa elimu yake. Neno moja la upole lilimzuilia mtu njiani.

Na mfano haukosekani katika nchi hizi. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, alizaliwa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wamanyema, akaletwa pwani utotoni hali ni mtumwa. Watu hawakumhisabu katika watu wa elimu. Kisha akawa mwanachuoni na khalifa wa Kadiria, na watu wa pwani wakapiga magoti mbele yake. Basi mtu wa pwani asimtazame mtoto wa bara kwa jicho la chini. Mtume mwenyewe aliteremshiwa maonyo katika sura ya Abasa kwa kumgeuzia uso Ibn Ummi Maktum, mtu kipofu aliyekuja kutaka mafundisho, wakati Mtume akishughulika na wakubwa wa Kureshi.

MAMBO SABA YA KUTENDA

La kwanza: mwalimu amjue mtoto kwa jina lake, na nyumba yao, na lugha yao. Ajifunze Kifipa japo cha maamkizi na cha kuelezea somo. Mtoto amsikiapo mwalimu akihangaika na lugha yake, hujua kwamba kukosea si aibu.

La pili: amkatie somo dogo. Kurani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23, na masahaba waliosomesha wengine walipokezana aya kumi kumi kabla ya kupita mbele. Mtoto mzito apewe nusu mstari, aushike kweli, kuliko ukurasa mzima asioushika.

La tatu: amfungue siku kwa jambo analolijua, na amfunge siku kwa jambo analolijua, ili atoke chuoni hali moyo wake umeshinda.

La nne: ampe mwenzi. Mwanafunzi aliyetangulia kidogo, si aliyetangulia sana, humweleza mwenzake kwa maneno yao wenyewe. Na mtoto mzito naye apewe mdogo wake wa kumfundisha alifu. Hakuna kimpacho mtoto hamu ya kusoma kama kuitwa mwalimu.

La tano: aupange wakati kwa msimu. Miezi ya kupanda na kupalilia somo liwe fupi, na la kurejea yaliyopita. Mambo mapya yangoje mavuno yamalizike. Ibn Masud amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwachagulia masahaba siku za mawaidha, kwa kuchelea wasichoke. Ikiwa masahaba walichelewa uchovu, sembuse mtoto aliyetoka kupalilia?

La sita: asimtahayarishe mbele ya watu. Imam Ghazali, katika Ihya, amehisabu huruma kuwa ni wadhifa wa kwanza wa mwalimu, awaone wanafunzi kama wanawe. Na akasema kwamba kumkataza mwanafunzi tabia mbaya kuwe kwa ishara na upole, si kwa kumvunjia haya. Mtoto akikosa, aitwe pembeni. Akipata, asifiwe mbele ya babake.

La saba: asubiri. Wafipa wana ukulima wao wa zamani: mwishoni mwa mvua hulaza nyasi chini, wakazifunika kwa udongo, wakafanya tuta la mviringo. Nyasi huoza ndani miezi mingi, na hapana kionekanacho juu. Msimu wa pili tuta hutawanywa, mbegu zikapandwa katika udongo ulionona. Mkulima wa Ufipa halipigi tuta lake kwa kuwa mwezi wa Mei halijatoa ulezi. Baba wa mtoto huyajua hayo. Mwalimu amkumbushe pale anapotaka kumtoa mtoto chuoni kwa kuwa mwaka umekwisha na hajafika Ammayatasaa-aluna.

MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Mtoto mmoja mzito hatawachelewesha wenzake wote?

Jawabu: Katika chuo cha dasturi ya zamani kila mtoto ana ubao wake na somo lake, na kila mmoja huenda kwa mwendo wake, hapana anayemchelewesha mwenziwe. Taabu hii imekuja na madrasa za madarasa na kengele. Mwenye madrasa aweke saa moja katika siku ambayo wote hurejea kila mtu peke yake, na katika saa hiyo akae na walio nyuma.

Suala: Yuko asiyeweza kuhifadhi kabisa, japo afanyiwe yote hayo. Naye?

Jawabu: Sheria yenyewe imemwekea ngazi. Katika madhehebu ya Shafi'i, asiyeweza Alhamdu husoma aya saba nyengine badala yake. Asiyeweza hizo hutaja dhikri za kadiri yake. Na asiyeweza chochote husimama kwa kadiri ya muda wake, kisha akarukuu. Mwenyezi Mungu hakumfukuza mja huyu katika sala. Mwalimu asimfukuze katika chuo, bali aendelee kumfundisha, kwani wajibu wa kujifunza haukuondoka maadamu kuna uwezo.

Suala: Mwalimu mwenyewe hana mshahara, na watoto wake wana njaa. Huruma hiyo ataitoa wapi?

Jawabu: Suala hili si la mwalimu; ni la matajiri na watu wa kheri wa pwani. Wengi hutoa mali kwa kujenga msikiti mpya mahali penye misikiti mitatu. Mwalimu wa Ufipa hahitaji kuba. Ahitaji posho ya kila mwezi isiyokatika, misahafu ya herufi kubwa, mablanketi ya mwezi wa Juni, na sufuria la uji wa ulezi wenye maziwa kwa watoto wa alasiri. Na wenye vyuo wasimpeleke bara yule waliyemchoka hapa, bali wampeleke aliye bora wa subira. Kwani kosa lake hapa litasahihishwa na jirani, na kosa lake kule halina wa kulisahihisha.

Mwenyezi Mungu awape walimu huruma, na wanafunzi fahamu, na wenye mali mkono mwepesi. Amin.